Minazi Arobaini na Miwili

Wanangu, nyie mnaosoma hesabu siku hizi, kila mmoja na kitabu chake, sogeeni niwaambie. Mimi nimefundisha hesabu mpaka vidole vikaota sugu ya chaki. Miaka yangu ya kwanza niliifanya pale Mtoni, kwenye shule ya kuta za udongo na paa la makuti kando ya barabara ya Kilwa, Mwingereza akiwa bado anatawala. Watu hudhani hii ni kazi ya utulivu: mbili na mbili ni nne, kengele inalia, mwalimu anakwenda zake kula. Loo! Hakuna kazi iliyonishtua kama hii. Nimeshtuliwa na watoto, nimeshtuliwa na vitabu, na mara moja nilishtuliwa na jibu langu mwenyewe, nikiwa nimeshika brashi ya chokaa mbele ya watu, hata leo nikikumbuka nasikia baridi mgongoni.

Nianze na vitabu. Vililetwa kutoka Ulaya, na maswali yake yalikuja na mambo ya huko. Kulikuwa na swali la hodhi. Bomba moja linaijaza kwa saa tatu, bomba la pili linaimwaga kwa saa sita, yote mawili yamefunguliwa pamoja. Je, itajaa baada ya saa ngapi? Nilikuwa nimelipenda sana swali lile. Nikaliandika ubaoni kwa mwandiko wangu mzuri, nikageuka. Mtoto mmoja, Pazi, alikuwa amenyoosha mkono.

"Mwalimu, huyo mwenye hodhi ni mgonjwa?"

"Kwa nini awe mgonjwa?"

"Sasa si aamke akalizibe hilo linalomwaga?"

Darasa zima likanitazama, linangoja. Wale watoto walikuwa wakiteka maji kisimani kila asubuhi kabla ya kuja shule, ndoo kichwani, na mimi nawaeleza habari za mtu anayemwaga maji huku akiyajaza. Jibu ni saa sita, mkitaka kujua, lakini siku ile halikuwa na maana kwa mtu yeyote.

Mara nyingine nikawapa swali la mtaro. Watu wanne wanauchimba kwa siku sita. Ukitaka wamalize kwa siku moja, uweke watu wangapi? Binti mmoja akajibu ishirini na wanne upesi sana, nikampongeza. Akabaki amesimama. "Lakini mwalimu, mtaro wenyewe mdogo. Watu ishirini na wanne na majembe yao, si watakatana miguu?" Nilishtuka, kwa sababu chuo cha ualimu hakikuwahi kunifundisha kwamba jibu linaweza kuwa sahihi na likakata mtu mguu.

Basi kutokana na aibu kama hizo nikajitungia utaratibu wangu, nikawakaririsha watoto kila asubuhi. Soma swali mara mbili. Kabla hujaanza kukokotoa, kisia jibu, ili likija la ajabu ulishtukie. Na ukigawa kitu, jumlisha mafungu uone kama unarudi ulikotoka. Hilo la mwisho nililipigia kelele kuliko yote. Mtoto asiyejumlisha mafungu yake nilikuwa namwita mbele namsimanga. Sasa sikilizeni yule aliyekuwa akiwasimanga wenzake alifanya nini.

Mimi kwetu ni Upare. Nilizaliwa milimani, nikasomeshwa na wamisheni, nikashuka Dar es Salaam na sanduku la bati na cheti. Mnazi nilikuwa nimeuona kwenye picha tu. Pale Mtoni nilipanga chumba kwa Bi Tatu, mjane wa makamo, mwenyeji wa pwani tangu mababu zake. Alikuwa na mguu mmoja mbovu aliouburuta kidogo akitembea, na kazi yake ilikuwa vitumbua. Alfajiri anakuna nazi, anakamua tui, anachoma, na jua likitoka wapangaji na vibarua wanaokwenda bandarini wamemaliza sinia. Alinipokea vizuri sana. "Mwanangu," aliniambia siku ya kwanza, "huku kwetu mtu halali na njaa, ila usitie maji mengi kwenye tui langu ukajiita mpishi." Nilicheka, lakini ndivyo nilivyokuwa nimeshafanya jioni ile.

Nyuma ya jiko lake palikuwa na minazi mitatu mifupi, michanga bado. Ile ndiyo ilikuwa roho ya biashara yake. Kwa upondo tu, yaani mti mrefu wa kuangulia, amesimama chini na mguu wake ule, aliangua nazi za siku mwenyewe, bila kumngoja mkwezi. Mkwezi, kwa wasiojua, ni mtu wa kupanda minazi mirefu. Anakuja anapotaka yeye, na anaondoka na nazi kadhaa kuwa ujira wake. Bi Tatu alikuwa akisema hana hamu ya kumtumikia mkwezi uzeeni.

Ile minazi mitatu haikuwa yake. Ilikuwa ya dada yake mkubwa, Bi Mwajuma, pamoja na mingine yote ya shamba lile, jumla arobaini na miwili. Bi Mwajuma akafariki. Hakuacha mtoto, na wazazi wake walikwisha kufa zamani. Aliacha mume, Mzee Kondo, na ndugu zake wawili wa baba na mama mmoja, yaani Bi Tatu na Bi Chiku aliyekuwa anakaa Mbagala. Maalim Athumani, aliyekuwa akisomesha watoto chuoni, pale wanapojifunza Kurani, na kugawa mirathi ya mtaa mzima, akaitwa. Alizunguka lile shamba siku nzima. Anasimama chini ya mnazi mmoja, anatazama juu, anagonga shina, anakwenda mwingine, anarudi tena kwa ule wa kwanza. Mimi nilikuwa nasahihisha madaftari barazani, namwona, najisemea moyoni, huyu mzee hajui kuhesabu mpaka arobaini.

Jioni akatoa mgawo: Mzee Kondo minazi kumi na minane, Bi Chiku kumi na miwili, Bi Tatu kumi na miwili, na ile mitatu ya nyuma ya jiko ikiwa ndani ya fungu la Bi Tatu.

Jumamosi iliyofuata Mzee Kondo akaja barazani kwangu. Alikuwa mtu mpole, hakuja kwa shari. Alinikuta na daftari, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akakaa.

"Mwalimu, we ni msomi. Mie nimefiwa na mke, hatukupata mtoto. Sheria yetu inanipa nusu. Nusu ya arobaini na mbili ngapi?"

"Ishirini na moja."

"Basi mbona nimepewa kumi na minane?"

Wanangu, nilishtuka kweli. Nusu ni nusu! Kumi na nane katika arobaini na mbili ni tatu ya saba. Hiyo saba imetoka wapi? Hakuna saba katika nusu, hata uipindue vipi. Nikaona hapa mtu mzima ameonewa kwa kutojua sehemu, na mimi ndiye mtaalamu wa sehemu. Laiti ningeuliza neno moja zaidi! Sikuuliza. Sikumwendea Maalim, ingawa nyumba yake ilikuwa hatua chache tu. Nilichukua ndoo ya chokaa iliyobaki tulipopaka shule, nikachukua brashi, tukaenda shambani na Mzee Kondo, na nusu ya mtaa nyuma yetu.

Nikaanzia ndani nikielekea upande aliotaka yeye, maana alikuwa na nia ya kujenga banda la kupangisha karibu na njia. Nikapiga alama nyeupe mnazi mmoja baada ya mwingine: mmoja, miwili, mitatu. Maalim alitumia siku nzima, mimi hata maji ya ndoo hayajatulia nimemaliza. Wa kumi na tisa, wa ishirini, wa ishirini na moja. Mitatu ya mwisho ilikuwa ile ya nyuma ya jiko.

Bi Tatu alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, unga wa mchele mikononi. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Mwanangu, na sie? Mie na dada Chiku sheria inatupa thuluthi mbili. Thuluthi mbili ya hiyo minazi ni mingapi?"

Nikamjibu palepale, kwa madaha, kama ninavyojibu darasani. "Theluthi moja ni kumi na minne. Mbili ni ishirini na minane."

Nikasikia sauti yangu mwenyewe. Ishirini na moja, na ishirini na minane. Arobaini na tisa.

Moyo ulinipasuka. Arobaini na tisa! Minazi ni arobaini na miwili, na hawa watu wana haki ya arobaini na tisa? Brashi ikawa inadondosha chokaa kwenye viatu vyangu. Na mnajua nilifanya nini? Nikaenda kuihesabu minazi upya! Naapa. Mwalimu wa hesabu mwenye cheti alizunguka shamba akitafuta minazi saba iliyopotea, watu wanamfuata nyuma, na watoto wangu wa shule wananihesabia kwa sauti wakidhani ni mchezo. Ilikuwa arobaini na miwili. Nikahesabu tena kwa kuanzia upande wa pili. Arobaini na miwili.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, jamani, hesabu yangu ina kasoro, nipeni muda. Mtoto wa darasa la tatu angesema hivyo. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, chokaa imeshakauka, na mimi ni mwalimu. Nikakohoa, nikasema, "Bi Tatu, nyie chukueni iliyobaki. Mtu hawezi kupewa zaidi ya kilichopo." Mzee Kondo akanishika mkono kwa furaha. Bi Tatu akanitazama kidogo, akarudi jikoni kwake.

Jumapili nilikwenda kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa naandika sehemu kwa kidole kwenye jalada la kitabu cha nyimbo. Nusu, theluthi mbili, sita ya saba, saba ya sita. Hakuna nilichopata ila jasho. Bado ningeweza kwenda kwa Maalim siku ile. Nilipita mlango wake mara mbili.

Jumatatu asubuhi nikaona bora niliandike ubaoni, labda likiwa kwa chaki litatulia. Watoto wakakokotoa, wakafika arobaini na tisa, wakaanza kucheka. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Salum, mtu wa Temeke hapohapo, alisikia kelele akaingia. Akalisoma swali. Hakucheka.

"Hili ulilitoa wapi, Elia?"

Nikamweleza kwa sauti ndogo. Akachukua chaki kutoka mkononi mwangu, akawageukia watoto, mimi nikiwemo.

"Bibi amepika ubwabwa, akakata sinia mafungu sita," alisema. "Mume anastahili nusu, mafungu matatu. Dada wawili wanastahili theluthi mbili, mafungu manne. Tatu na nne?"

"Saba!"

"Sinia lina sita. Tumfukuze nani?"

Binti yule wa mtaro akasema, "Asifukuzwe mtu. Bibi akate upya, mafungu saba."

"Hivyo hivyo. Ubwabwa ni uleule, ila kila fungu limepungua kidogo, na wote wamepunguziwa kwa kipimo kimoja. Mume atachukua yake matatu, dada watachukua yao manne. Arobaini na mbili kwa saba?"

"Sita!"

"Sita mara tatu?"

"Kumi na nane!"

"Sita mara nne?"

"Ishirini na nne! Kila dada kumi na mbili!"

Akapiga mstari chini ya jibu, akaniambia bila ukali, "Hiyo ni hesabu ya zamani sana huku kwetu, Elia. Watoto wa chuoni wanaijua. Ungeuliza."

Sijui niwaelezeje nilivyoshtuka. Mimi niliyejua bomba na hodhi na treni zinazopishana, mtu aliyekuwa akigonga mashina ya minazi alinipita kwa mbali, na jibu lake lilikuwa sahihi hadi mnazi wa mwisho. Na iliyoniumiza zaidi ni kwamba nilikwisha kuona tangu Jumamosi kwamba mafungu yangu hayajumliki. Niliona, nikanyamaza. Nikatoka darasani sijamwomba ruhusa mwalimu mkuu, nikakimbia na kaptura yangu ya pasi kwenye mchanga wa Mtoni kwenda kufuta ile chokaa.

Nilichelewa. Kabla sijafika nilisikia shoka, halafu kimya, halafu kishindo. Mzee Kondo alikuwa ameleta vibarua mapema kusafisha kiwanja cha banda lake, na walianza na ile iliyokaribia njia. Minazi mitatu ya nyuma ya jiko ilikuwa chini, vitale, zile nazi changa, vimetawanyika, makuti bado mabichi. Jua lilikuwa linapiga moja kwa moja kwenye meko ya Bi Tatu, mahali ambapo sikuwahi kuona jua. Yeye alikuwa ameketi juu ya shina mojawapo, upondo mkononi. Nililia, wanangu. Siwafichi.

Mzee Kondo alipoelezwa alishtuka kuliko mimi. Alishika kichwa, "Mwalimu, lakini we ndo ulonambia!" Kweli, mimi ndiye niliyemwambia. Maalim akaja, akanisikiliza hadi mwisho, hakunisuta. Akahesabu upya: iliyokatwa mitatu iwekwe kwenye fungu la Kondo, abakiwe na kumi na mitano iliyosimama. Bi Tatu arudishiwe mitatu mingine kutoka mpakani, upande wa Kondo, ndiyo pekee iliyogusa fungu lake. Kumi na minane, kumi na miwili, kumi na miwili. Jumla arobaini na miwili. Nikajumlisha mara tatu. Hesabu imetimia, nikashusha pumzi, nikadhani nimepona.

Baada ya siku chache vitumbua vikakosekana asubuhi. Minazi mitatu aliyopewa Bi Tatu ilikuwa mizee, mirefu kama ile tisa yake mingine, upondo hauifikii hata robo, na mkwezi alikuwa Kigamboni hajulikani anarudi lini. Vibarua walipita barazani wakauliza, wakaenda zao. Bi Tatu alikuwa anafagia uwanja uliokuwa safi tayari.

Nikavua viatu. Sikuwa nimewahi kupanda mnazi katika maisha yangu. Mnazi wa kwanza kati ya ile mitatu ulikuwa na vidato vya zamani vilivyokatwa kwenye shina, nikatia mguu, nikatia wa pili. Watoto wa shule wakakusanyika, maana mwalimu juu ya mnazi si jambo la kila siku. Katikati upepo ukautikisa, nikalikumbatia shina kama mtoto anayekataa kuachishwa ziwa, wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Nilifika juu kifua kimechubuka damu.

Nilipoweza kufumbua macho niliona shamba lote. Nilikuwa nimelihesabu mara mbili kwa miguu yangu nikiwa chini, mashina arobaini na mawili, yote sawa. Kutoka kule juu hakukuwa na miwili iliyofanana. Mmoja umejaa mashada mpaka unaelemewa, jirani yake umekauka kilele, mwingine umeliwa na chonga, yule mdudu mweusi wa minazi, mwingine una maua tu. Ndicho alichokuwa akikitazama Maalim siku nzima shingo imepinda.

"Umefika?" Bi Tatu aliita kutoka chini, mkono juu ya macho.

"Nimefika!"

"Ziko ngapi?"

Ile minazi yake mifupi, kila mmoja ulikuwa ukibeba mashada matano, sita. Nikapapasa katikati ya makuti makavu ya huu aliopewa badala ya ile. Nikapapasa upande wa pili. Nilitamani nisijibu.

"Nne," nikasema.

"Ngapi?"

"Nne, Bi Tatu."

Aliwasogeza watoto pembeni kwa upondo wake, akasogea na yeye, akasubiri nizidondoshe.